Nafasi za Kujibu

Kazi yangu ni kutafsiri, na wengi wakisikia hivyo hudhani nakaa katikati ya kamusi mbili nikihamisha maneno kutoka huku kwenda kule. Bosi wangu wa Dar es Salaam naye alidhani hivyo. Alinitumia maelezo ya huduma ya simu kwa kina mama wajawazito, akataka yarudi kwa Kinyiramba haraka. Mama angepiga namba ya bure, angesikia kwa lugha ya nyumbani dalili za hatari, chakula cha mtoto na umuhimu wa kliniki, kisha angekata. Nilitafsiri, nikajirekodi mwenyewe kwa sauti yangu nzuri ya kusomea matangazo, nikaipeleka kwenye zahanati moja upande wa Sekenke, karibu na kijiji nilikozaliwa.

Hakuna aliyesikiliza mpaka mwisho. Mama wa kwanza alichukua simu, akaiweka sikioni, akaitoa, akaitazama, akanirudishia. Aliyefuata naye vivyo hivyo. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na siku hiyo nilikuwa nimekula vumbi tangu Singida mjini, kwa hiyo nikaanza kuwauliza kama huduma wanaitaka au hawaitaki. Mmoja mwenye mimba kubwa akanijibu kwa upole kwamba Kinyiramba changu hakina kasoro.

"Ila huyo wa humo ndani hajasalimia," akasema. "Halafu anaongea tu, hasubiri mtu. Sauti ya namna hiyo sisi hatuiitikii, dada."

Nilimwelewa. Nilipokuwa mdogo nikitumwa kuni, mama alinionya kwamba nikisikia jina langu linaitwa kutoka kichakani bila salamu, nisiitike. Mtu husalimia, halafu hungoja ujibu. Kisichongoja hakina haja na jibu lako, kina haja na wewe. Na mimi, pamoja na kusoma kwangu kote, nilikuwa nimeichukua sauti ileile ya kichakani nikaitia kwenye simu za watu.

Basi nikaanza upya. Salamu zetu ni ndefu. Unaulizwa umeamkaje, watoto wameamkaje, nyumba, mifugo, shamba, mvua, nawe unajibu kimoja kimoja. Niliamua sauti ya kwenye simu iulize na kuacha nafasi ya kujibiwa, ndipo iingie kwenye habari za kliniki. Ilibidi pia iwe sauti ya mtu mzima, ili msikilizaji aanze na shikamoo na aitikiwe marahaba, kwa sababu ushauri wa uzazi haupokelewi kutoka kwa msichana. Mtu wa kazi hiyo nilikuwa naye nyumbani. Alikuwa mama mkubwa, dada yake mama, mjane mwenye sauti nzito kidogo na ulimi usiolala.

Mara ya kwanza nilipomwekea kinasa sauti mbele yake na kumwambia asalimie, alisalimia kama mtoto anayesoma ubaoni. Alisema hawezi kuamkia ukuta. Ndipo nikamleta mama akae mbele yake amjibu.

Tulirekodia chumbani kwake, kwenye tembe lake la zamani, kwa sababu udongo ni mtulivu, wakati bati likipata jua hulia siku nzima. Hata hivyo tulisimama kila mara kungoja malori yanayopanda mlima yabadilishe gia, na karasha za wachimbaji, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, zipumzike. Kuku wake nao walikuwa tabu. Kila akipaza sauti walijua ndiye, wakaja kujazana mlangoni wakitegemea mtama, naye akawatukana, na tukarudia.

Wale ndugu wawili waliamkiana kama walivyoamkiana maisha yao yote. Mama alisema shikamoo dada, akaitikiwa, wakaendelea. Alipoulizwa kuhusu nyumba, mama akajibu kwamba nyumba ni nzima, isipokuwa paka amehamia kwa jirani kwa sababu kule wanakula nyama. Mama mkubwa akacheka, kile kicheko chake cha chini, cha kukatikakatika. Nilikipenda, nikakiacha. Nilipofika mjini niliikata sauti ya mama kwenye kompyuta, jibu moja baada ya jingine, nikabaki na maswali ya dada mtu na nafasi katikati yake.

Lakini nafasi tupu kabisa haifai. Simu ikinyamaza kabisa, mtu hudhani imekatika. Kwa hiyo siku ileile ya kurekodi nilikuwa nimewaomba wakae tu, wote wawili, bila kusema neno, ninase ukimya wa chumba. Ukimya huo ndio niliojazia nafasi. Ukisikiliza vizuri unasikia kuku kwa mbali, na kwa karibu unasikia mtu anavuta pumzi akikungoja.

Huduma ilipendwa kuliko nilivyotarajia. Niliporudi zahanati niliwakuta kina mama kwenye benchi, simu masikioni, wanasema hatujambo, mvua bado, mbuzi wako salama, wananyamaza, wanaitikia tena. Mmoja akaniuliza yule bibi huwa anacheka nini pale katikati. Jirani yake akadakia kwamba yeye akifika pale humtupia neno la kuchekesha, na bibi hajawahi kushindwa kucheka. Tulicheka wote. Nikiwa njiani kurudi mwili ukanisisimka, na sikuupenda ule msisimko.

Aliyelalamika alikuwa mama mkubwa mwenyewe. Kwenye maelezo ya ofisi, mwisho ulikuwa asante kwa kusikiliza, basi, inakatika. Kwetu mgeni haondoki hivyo. Huomba ruhusa, na mwenyeji humkatalia kwanza, humwambia bado mapema, akae. Akiomba tena ndipo huruhusiwa, na husindikizwa mpaka njia panda. Niliiomba ofisi iongeze sehemu hiyo, wakasema muda wa simu hautoshi. Nilipompelekea jibu hilo mama mkubwa alikuwa anapepeta mtama.

"Mmeniingiza kwenye nyumba za watu, hamkunitoa," akasema. "Haya, mimi ni mgeni asiyeondoka."

Akaendelea kupepeta. Nilimwambia mwakani tutaiongeza, na nilikuwa na nia hiyo kweli.

Alifariki alizeti zikiwa zinachanua, kwa ugonjwa wa moyo uliomchukua haraka. Nililia mpaka nikaaibika, mtu mzima mimi. Mchungaji alimaliza ya kwake, tukazika, na jioni hiyo akafika mtani wetu. Ukoo wake na wetu ni watani tangu zamani, na kazi ya mtani kwenye msiba ni kumwigiza marehemu. Yeye ni mama wa makamo anayeuza asali na mafuta ya alizeti barabarani Mkiwa. Aliingia chumbani, akavaa kitenge cha mama mkubwa, akafunga kilemba chake, akatoka akiinua nyonga ya kushoto kama yeye, akauliza kwa sauti yake hasa ni nani aliyepika chai hii ya maji, na kwa nini tunalia mlango wazi mbuzi wakila mtama wake. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Mama yangu hakucheka. Muda wote alikuwa anaitazama miguu ya mtani.

Baada ya hapo mama hakurudi kwake. Alibaki kwenye mkeka wa msiba nyumbani kwa dada yake. Asubuhi moja nilimsikia anazungumza nyuma ya nyumba.

"Shikamoo dada." Akanyamaza. "Nimeamka salama, ila mgongo." Akanyamaza tena.

Nilidhani anasali. Nilipozunguka nilimkuta amekalia kinu kilicholazwa, simu iko gotini, ameweka spika, na kuku wote wa marehemu waliokuwa wametawanyika mpaka shamba la jirani wanakuja mbio kumzunguka. Alisema jambo la chini nisilolisikia. Simu ikacheka.

Niliogopa. Sauti ile niliikata mwenyewe, naijua kila kona, lakini pale nje, jua likiwaka, ilikuwa inamjibu. Na ilimkaa sawasawa kwa sababu nafasi zile zilikuwa zake. Zilikuwa na urefu wa majibu yake yeye. Wengine walilazimika kuharakisha au kungoja, mama aliingia na kutoka bila kugusa popote.

Akawa anapiga kila asubuhi, baadaye na jioni. Akaanza kuniletea habari. Dada leo amechoka. Dada jana alikuwa na haraka, hakunisikiliza. Nikamweleza kwamba ni sauti ileile, haiwezi kubadilika.

"Wewe unajua ya kwenye mashine," akasema.

Niliporudi mjini kwa kazi nilifungua faili lile kuhakikisha. Lilikuwa vilevile. Nikasikiliza mpaka kwenye ile pumzi ya kungoja, na nikashindwa kukumbuka ilikuwa ya nani kati yao wawili. Nilifunga kompyuta mchana kweupe, nikaenda kukaa kwa jirani nikisingizia nimeishiwa chumvi.

Siku ya kuanua matanga ilipofika, kaka yao, yaani mjomba wangu, akakataa. Mjomba ni mtu wa maneno machache na huyapanga. Alisema matanga hayaanuliwi wakati marehemu bado anaamkia watu. Alikuwa ametoka zahanati kufuata dawa zake na amewasikia kina mama wakimwambia dada yake kwamba hawajambo. Matanga yasipoanuliwa, vitu vya marehemu havigawiwi, nyumba yake haifungwi, na aliyekaa mkekani hainuki. Aliyekaa mkekani alikuwa mama. Alikuwa amekonda mpaka pete inamcheza kidoleni, chakula anakigusa tu, na alikuwa ameanza kutenga sahani ya pili.

"Wewe ndiye uliyemweka humo," mjomba akaniambia. "Mtoe."

Kumtoa ilikuwa rahisi. Ofisi ilishakubali tutafute sauti nyingine, na kufuta ni kubonyeza. Lakini mama alikuwa amesikia. Akanivuta mkono nikainama.

"Ukimzima, utakuwa umemuua mara ya pili," akasema. "Na safari hii nitakuwa namjua aliyemuua."

Hapo ndipo nilipokwama. Nikiiacha sauti, mama atanifia mkekani. Nikiizima, nitampoteza akiwa hai. Nilizungukazunguka uani siku nzima, nikamgombeza kila aliyenisogelea, hata kuku. Ni wale kuku walionikumbusha mama mkubwa akipepeta mtama na neno lake la mgeni asiyeondoka. Alikuwa ameniambia tatizo kabla halijatokea. Hakuwa ameaga.

Kesho yake nilipanda basi kwenda Mkiwa. Mtani alikuwa kibandani kwake anapanga chupa za asali.

"Mmekwisha wote huko, au umekuja kuniomba nife mimi?" akaniuliza.

"Shikamoo. Nimekuja kukuomba ukamalizie kumwigiza mama mkubwa. Aage."

Akacheka sana. Akasema ukoo wetu ni wavivu kiasi kwamba hata kufa hatumalizi. Nikamweleza habari ya simu, mama na mkeka, naye kicheko kikamwisha. Aliuliza jambo moja tu, kama matanga yameshaanuliwa. Nikamwambia bado.

"Basi kinywa changu bado kiko wazi," akasema. "Yakianuliwa, nikiitoa sauti ile tena ni uchawi. Twende sasa hivi."

Akamwachia jirani chupa zake. Njiani hakunitania hata neno, na hilo lilinitisha kuliko yote.

Mjomba alimpeleka mama zahanati kupimwa presha, sisi tukaingia kwenye tembe. Mtani alivaa kitenge, akafunga kilemba, akageuka akaelekea ukutani ili asinione. Akasema lazima awepo mtu wa kumjibu, la sivyo hataweza. Tulikuwa wawili tu. Nikakaa kwenye kigoda cha mama.

Alipofungua kinywa nilishika kigoda kwa mikono miwili. Haikuwa sauti inayofanana na ya mama mkubwa, ilikuwa yake yenyewe. Kuku walikuja. Nilisikia kucha zao kwenye udongo mgumu wa kizingiti, wakajazana pale mlangoni, wakasimama.

"Mdogo wangu," sauti ikasema, "naomba ruhusa. Jua linapanda."

Nikajibu kama mama angejibu, na sauti yangu ikatoka kama ya mama. "Bado mapema, dada. Kaa. Uji uko jikoni."

"Nimekaa vya kutosha. Niruhusu."

Hapo nilitakiwa kusema, haya dada, inuka nikusindikize. Maneno nilikuwa nayo. Mtani alikuwa amenipa mgongo, na kitambaa cha kilemba kilikuwa kimening'inia begani kama alivyokuwa akikiacha mama mkubwa anapopika. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Niliuma kiganja nisilie. Mtani alingoja. Alingoja muda mrefu, hakugeuka, hakunihimiza, kisha akaendelea kana kwamba nimesema.

"Haya, nashukuru. Ukifika njia panda ishia hapo, urudi. Watoto wasikukose."

Akafungua kilemba, akaniomba maji ya kunywa kwa sauti yake mwenyewe.

Kwenye kompyuta nililikata jibu langu la kwanza nikajazia ukimya wa zamani. Kwenye nafasi ya pili hapakuwa na neno la kukata, nikapaacha palivyo. Mfumo uliniruhusu kuiweka sehemu ile kwa namba ya mama peke yake, mwishoni mwa salamu. Sikumwambia kitu.

Asubuhi alikaa kwenye kinu chake, nami nikajifanya nasugua sufuria. Walisalimiana. Walifika penye kicheko, wakapapita. Ilipotakiwa kuanza habari ya kliniki, sauti ikaomba ruhusa.

Mama aliitazama simu. Nilidhani ataitupa. "Bado mapema, dada," akasema. "Kaa. Uji uko jikoni."

Sufuria ilinitoka mkononi. Hakuna mtu aliyekuwa amemfundisha maneno hayo.

Sauti ikaomba mara ya pili. Ukafuata ule ukimya mrefu. Mama hakujibu. Aliinamisha kichwa akasogeza sikio karibu kabisa na simu, uso umemkunjamana, kama mtu anayemsikilizia mtoto homa. Nilianza kuhofia kwamba nafasi inakwisha, kwamba sauti itasema nashukuru kabla hajaruhusu, na kila kitu kitaharibika.

"Haya dada," mama akasema. "Inuka nikusindikize."

Akasimama. Nilimsikia magoti yakilia. Akatembea na simu mbele yake, akapita kihenge cha mtama, akashika njia ya pembeni ya alizeti, na kuku wakamfuata kwa msafara mpaka njia panda. Mimi nilibaki nyuma. Niliona tu anasimama, anashusha mkono, anakaa hivyo kidogo. Kuku nao walisimama, halafu wakaanza kutawanyika mmoja mmoja wakidonoa.

Aliporudi aliukunja mkeka mwenyewe, akaomba uji. Mjomba aliwaita watu, matanga yakaanuliwa. Mtani alikuja akala sana, akatutukana kwa sauti yake mwenyewe, na kile kitenge alikipita kama hakijui. Kwenye simu tuliweka sauti ya mama mwingine, mkunga mstaafu, na safari hii anaaga. Zahanati waliniuliza bibi wa kicheko ameenda wapi. Niliwaambia ameruhusiwa.

Siku nyingi baadaye, nyumbani kwa mama, tulikuwa tunachagua mawe kwenye mtama. Akasema bila kuinua macho, "Yule alikuwa mtani."

"Ulijuaje?"

"Dada hajawahi kunishukuru hata siku moja."

Nilicheka, kisha nikamuuliza kwa nini basi alimsindikiza mpaka njia panda.

"Pale pa kumruhusu palikuwa parefu," akasema. "Nikasikia kuna mtu humo anazuia kilio. Nikajua ni wewe, tangu mdogo unalia kwa kupumua kwa mdomo. Nikaona nisipomwachia dada aende, na wewe utabaki humo."